Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: kurasa za MTUHA zinafungia maandazi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo zilivyoanza barua zangu nne zilizotangulia. Zile zilipokelewa vizuri, zikagongwa muhuri, na kila nilipofuatilia niliambiwa mchakato unaendelea. Hii ya tano sikuileta ofisini. Nimeiweka hapa watu waisome, na wewe ukipata nafasi uisome pamoja nao.

Ijumaa iliyopita asubuhi nilinunua maandazi matatu kwa mama anayeuza nje ya geti la kituo chetu cha afya. Alinifungia kwenye karatasi. Nilipofungua, mafuta yalikuwa yamelowesha nusu yake, lakini mwandiko niliutambua mara moja. Ni wangu, mimi ninayetunza kumbukumbu za wagonjwa kituoni hapo. Ulikuwa ukurasa wa kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kile cha wodi ya wazazi. Majina ya akina mama tisa, vijiji vyao, umri, mimba ya ngapi, mtoto alizaliwa na uzito gani. Na kwenye mmoja wa mistari ile, majibu ya kipimo cha VVU ya mama ninayemfahamu. Anayeuza maandazi ni wifi yake. (Nimebadilisha kitu kimoja viwili hapa ili asitambulike. Hilo nalo nilifundishwa chuoni.)

Sijui kama wifi mtu alisoma. Sikuthubutu kumwuliza. Nilirudi nikanunua maandazi yote yaliyobaki, Sh 7,400, nikamwomba anipe na karatasi zake zote, nikasema nina wageni. Hiyo ndiyo iliyokuwa hela yangu ya kula mpaka Jumatano.

Karatasi zilifikaje pale? Wiki mbili kabla, chumba cha masijala kiligeuzwa stoo ya saruji ya jengo jipya. Mafaili na vitabu vya zamani vikatolewa nje, vikawekwa chini ya mwembe na kufunikwa turubai. Wengine wanasema mlinzi ndiye aliyeuza, wengine wanasema vibarua wa ujenzi. Mimi nahisi hakuna hata aliyeuza. Mtu aliona lundo la makaratasi akadhani ni takataka, akachukua. Mtu ambaye hakufundishwa siwezi kumlaumu sana.

Ila sisi tulifundishwa, na hapo ndipo ninapoumia. Waliotumwa kuyabeba yale mafaili kuyatoa nje ni wanafunzi wawili waliokuwa field kutoka chuo kilekile nilichosoma mimi, mwaka wa pili. Mmoja alisimama mlangoni na furushi kichwani akaniuliza, "Dada, si tulifundishwa faili haliondoki masijala bila kuandikwa?" Nilimwangalia, nikamwangalia na aliyetutuma. Nikamwambia, "Beba tu, mdogo wangu." Mpaka leo yule binti akiniamkia nageuza macho.

Sijui kama unafahamu tunachosomea, maana watu wengi wanadhani ni kuita majina dirishani. Ni miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi stashahada, ngazi ya 6. Tunajifunza faili linatunzwaje, linakaa muda gani, na likifika mwisho wake linaharibiwa vipi, kwa orodha na mashahidi. Tunajifunza kuupa kila ugonjwa msimbo wake. B50 ni malaria ya falsiparamu iliyothibitishwa kwa kipimo. B54 ni malaria ambayo kimelea chake hakikutajwa. Mtu mvivu akiandika B54 mwezi mzima, huko juu wilaya yako inaonekana watu wanatibiwa kwa kubahatisha, na vipimo mlivyovigharamia havionekani popote. Bima nayo inalipa kwa kufuata karatasi. Kilichoandikwa vibaya hakilipwi, hata kama dawa mgonjwa alishameza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023, nami najiuliza hayo madai yatajazwa na nani.

Misimbo yenyewe tulisoma kwenye fotokopi ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishaanza kutumia toleo jipya, ICD-11, tangu Januari 2022. DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kujazia na kutuma taarifa za afya, tuliisoma ukutani. Chuo kilikuwa na kompyuta saba, zilizokuwa zinawaka ni nne, na darasani tulikuwa 62. Mwalimu alikuwa akiionyesha kwa projekta anasema "bonyeza pale", nasi tunabonyeza hewa.

Hayo unayakumbuka, Ndugu Mkurugenzi, kwa sababu risala yetu iliyataja na wewe ndiye uliyekuwa mgeni rasmi wa mahafali. Ulisimama ukasema kompyuta 20 zitafika chuoni kabla ya Pasaka. Hukusema Pasaka ya mwaka gani, na kosa ni letu, hatukuuliza. Ukasema wahitimu wa chuo kile watakuwa wa kwanza kupewa mikataba kwa mapato ya ndani, kwa sababu "hawa ndio kumbukumbu ya wilaya". Tulipiga vigelegele. Mama yangu alipanda jukwaani akakutunza khanga. Asikusumbue, hajaidai.

Ninajitolea mwaka wa pili sasa na miezi mitatu. Posho ni Sh 60,000, na mara ya mwisho kuiona ilikuwa Julai. Baba aliweka rehani mikorosho 30 ili nimalize ngazi ya 6. Misimu miwili sasa korosho za miti ile zinaokotwa na mtu mwingine, baba amekaa kibarazani anaangalia. Zamani alikuwa akiniuliza ajira zimetoka lini. Siku hizi haulizi, na afadhali angeuliza. Mwenye nyumba nikimwamkia shikamoo haitikii marahaba, anaitikia "lini?"

Kituo kina kompyuta ya GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali na vituo vya afya, nzuri, inafanya kazi. Ipo dirisha la malipo. Fedha zinahesabiwa kwa mashine, wagonjwa tunawahesabu kwa kalamu, tunajumlisha usiku kwa tochi ya simu. Kila mwezi ikikaribia tarehe 7 simu zinapigwa mfululizo kutoka huko kwenu, taarifa iko wapi, na tunaitwa "wataalamu wetu". Tarehe 8 tunarudi kuwa wanaojitolea.

Niliwahi kuandika kwenye barua ya pili kwamba taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba sheria hizo ni za watu wa mitandao. Sawa. Ukurasa wa maandazi hauna mtandao.

Kwenye rasimu ya barua hii nilikuwa nimeandika madai mengi. Kompyuta za chuo, mikataba, posho ya kuanzia Agosti, masijala irudishwe, wanafunzi wa field wasibebeshwe saruji wala kufagia uwanja, wakae dirishani wajifunze kazi waliyolipia. Yote bado nayataka, usije ukasema niliyaondoa. Lakini jana jioni mawingu yalikusanyika upande wa bahari, na asubuhi hii yamekuwa mazito zaidi. Turubai lina tundu upande wa kushoto, na upande huo ndipo vilipo vitabu vya wajawazito na mafaili ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, wale wanaorudi kila mwezi. Mgonjwa wa hivyo faili lake likilowa, daktari anaanza naye upya kama mgeni, hajui dozi ilipandishwa lini wala kwa nini.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, leo naomba chumba. Mpigie simu mganga mfawidhi, dakika mbili zinatosha, mwambie atupe chumba chochote chenye paa. Hata ile stoo ya majembe nyuma ya jiko la wodini, tumeipima, mafaili yanaenea tukiyapanga mpaka darini. Kufuli ninalo, nilinunua mwenyewe mwaka jana, lile la masijala lilipovunjwa. Wale wanafunzi wawili wamesema watabeba tena, safari hii kwa kuandika kila furushi. Tunachosubiri ni simu yako. Mkokoteni tumeshaazima, na mwenyewe anautaka kesho saa nne.

Namba yangu ya simu iko kwenye zile barua nne.

Wako mtiifu mpaka sasa,
Mtunza kumbukumbu za afya (anayejitolea)