Kwa mdogo wangu mwenye kamera

Mdogo wangu,

Jana tumeondoa matanga ya Mama. Sombe tuliipika kwenye mbabula yake, kwa makala, yaani makaa, ya gunia lake la mwisho. Nilipokuwa napepea moto nikakukumbuka.

Kazi yako naiheshimu. Nakujua ulivyokuwa unashinda katika msitu wa Kahuzi-Biega wiki nzima, unarudi na dakika mbili tu za picha, na barakoa mfukoni kwa sababu gorila huambukizwa mafua yetu. Julai 2007, walipouawa gorila wa familia ya Rugendo katika hifadhi ya Virunga, ulikuwa mtoto bado, ukalia kama aliyefiwa. Mama ndiye aliyekubembeleza.

Lakini ile jioni ya filamu yako haijanitoka. Mama alivaa kitenge kipya, akaketi mbele kabisa. Mara ikatokea mikono yake, myeusi hadi kwenye kucha, inapima makala kwa kopo, na sauti yako inasema hivi ndivyo Virunga inavyoisha. Watu wakageuka kumtazama. Akaificha mikono ndani ya kitenge, hakuitoa mpaka taa zilipowaka.

Kamera yako ya kwanza ilitoka kwenye kopo lile! Na asubuhi ile alikuambia mengi: kwamba umeme wa kituo cha Matebe haujafika kwetu, kwamba ukifika atauza vitu vingine. Nilikuwepo, nimekushikia maikrofoni. Maneno ukayakata, ukabakiza mikono. Wenye malori yanayoshusha makala usiku hukuwaonyesha. Hifadhi iliyopo tangu 1925 haikumalizwa na kopo la Mama.

Naandika hapa wote wasome kwa sababu aibu yake aliipata mbele ya watu.

Siku nyingine ukimpiga mtu picha, mwonyeshe yeye kwanza. Ningekuambia palepale, ila ulikuwa unapigiwa makofi, wageni wamekuzunguka, ningekuharibiaje siku yako? Tena ni mimi niliyemshawishi akubali kamera. Nilimwambia, ni mtoto wako, atakuonyesha vizuri. Ningejuaje?

Unalalamika kwamba habari ya kifo ilikukuta tumeshazika. Nilikupigia mara mbili, ulikuwa msituni, simu haishiki. Mara ya tatu sikupiga. Nilikuwa na hasira, na mimi pia nilikuwa nimefiwa.

Najua picha zako huwa hufuti. Nitafutie za asubuhi ile, pale anapoongea. Hata sauti peke yake inatosha. Imeanza kunipotea.

Kitanda chako kiko palepale.

Yaya wako