Neno la siri la mtambo wa simu liwe mkononi mwa mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mitambo ya simu za ndani, ile inayounganisha mapokezi, jiko na vyumba bila ya mazungumzo hayo kulipiwa kampuni ya simu.

Mimi si fundi, bali mhasibu niliyelipa bili za nyumba moja ya wageni hapa Mji Mkongwe. Mtambo tuliouziwa ulikuwa umefungwa: kuongeza namba moja ya ndani kulitaka leseni mpya, na kila ulipoharibika tulimngoja fundi avuke kwa boti kutoka Dar es Salaam, nauli na malazi yakiwa juu yetu. Fundi mwenyewe alikuwa muungwana. Kilichotukera ni kunyimwa neno la siri la kuingilia kitu ambacho tulishakilipia chote.

Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Mark Spencer, alipoona bei ya mtambo kama huo haimudu, aliandika programu huria inayoifanya kompyuta ya kawaida ipokee na kugawa simu. Aliiita Asterisk, yaani ile alama ya nyota tunayoiona kwenye vitufe vya simu, na leseni yake ya GPL inamruhusu yeyote kuitumia, kuisoma na kuirekebisha. Ofisi ndogo inaweza kuiendesha kwenye Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, na asiyependa kuandika amri ana FreePBX, ambayo humpa kurasa za kubofya.

Simu za mezani, laini ya kutokea nje na betri ya kuhimili umeme unapokatika bado vitanunuliwa. Hatari kubwa zaidi ni wizi: wapo wanaotafuta mitambo iliyoachwa wazi kwenye intaneti, wakabahatisha maneno ya siri ya namba za ndani, kisha wakapiga simu za nchi za mbali usiku kucha, na bili ikamwangukia mwenye ofisi. Kwa hiyo maneno ya siri yawe marefu, na simu za nje ya nchi zifungwe kwa namba zisizozihitaji.

Kazi hii vijana wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume wanaiweza wakipewa ofisi za kujifunzia, Unguja na Pemba. Na meneja anayekaribia kusaini mkataba wa mtambo wowote, uwe huria au wa kufungwa, amuulize muuzaji kwanza: neno la siri la msimamizi atabaki nalo nani?

Mhasibu mstaafu,
Mji Mkongwe, Zanzibar