Kwa mdogo wangu mtunzi: hesabu za Stephen Foster

Mdogo wangu,

Umeuliza ilikuwaje Stephen Foster, mtunzi wa nyimbo wa Marekani, akafa Januari 1864, ana miaka 37, na senti 38 tu kwenye pochi, ilhali nyimbo zake zilikuwa midomoni mwa Wamarekani wote. Wengi watakujibu: pombe. Pombe ilikuwepo, sikatai. Lakini alikuwa na daftari la mapato, na daftari linasema mengi kuliko chupa.

Shika kwanza kwamba bidhaa ilikuwa karatasi. Santuri hazijazaliwa. Watu waliusikia wimbo jukwaani, kisha mwenye piano nyumbani akanunua nakala ya noti za muziki, mara nyingi kwa senti 25 hivi. Hakimiliki ya wakati huo ilizuia kuchapa bila ruhusa, basi. Haki ya mtunzi kulipwa wimbo wake unapopigwa hadharani ilikuja 1897. Kundi la waimbaji lingejaza ukumbi kila usiku kwa wimbo wa Foster na yeye asipate chochote.

Hata hiyo haki ya kuchapa ilitaka usajili kwa karani wa mahakama, ndiyo maana nakala za zamani zina kile kimstari cha maandishi madogo chini ya ukurasa: mwaka, jina la aliyesajili, wilaya. Kisome hicho kabla ya jina la mtunzi. "Oh! Susanna" uliimbwa Pittsburgh Septemba 1847, na Foster akawagawia waimbaji nakala za mkono kabla wimbo haujasajiliwa. Wakazipeleka kwa wachapishaji wao, na ndani ya miaka michache wimbo ukasajiliwa takriban mara 20 na watu mbalimbali. Yeye aliambulia dola 100.

Alijifunza haraka. Mwaka 1849 akaingia mkataba na wachapishaji Firth, Pond & Co. wa New York: senti 2 kwa kila nakala baada ya gharama za mwanzo kurudi. Baadaye ikawa asilimia 10. Kwa enzi ile, mkataba mzuri sana. Wengi waliuza wimbo moja kwa moja na kusahauliwa.

Sasa chukua "Old Folks at Home" wa 1851. Mwanzoni mto ulikuwa Pedee. Akatafuta jina lingine kwenye ramani, akakuta Suwannee, akaukata ukawa Swanee. Sikiliza kwa nini: "Swa" iko kwenye noti ya chini, "nee" inaruka oktava nzima juu, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. Silabi mbili zinatosha, ya tatu ingeharibu mruko. Na wimbo mzima unazidi oktava moja kwa noti moja tu, kwa hiyo yeyote anaweza kuuimba sebuleni.

Maneno yake ni habari nyingine. Yaliandikwa kwa matamshi ya kuwakejeli Weusi, yaimbwe na Wazungu waliojipaka masizi usoni. Ndivyo biashara ilivyokuwa, na usiufunze huo wimbo kwa watoto bila kuwaambia. Foster mwenyewe aliona haya, akamwachia kiongozi wa kundi moja la waimbaji hao, E. P. Christy, aandikwe kama mtunzi, kwa dola chache. Mei 1852 akamwandikia barua akitaka jina lake lirudi. Halikurudi akiwa hai.

Mrabaha lakini, yaani fungu lake kwa kila nakala iliyouzwa, ulibaki wake. Hadi Januari 1857 wimbo huo ulikuwa umemwingizia dola 1,647.46. Hapo ndipo alipokosea, kwa maoni yangu. Alikuwa na kawaida ya kuchukua fedha kwa wachapishaji kabla nyimbo hazijauza, madeni yakambana, akaketi na daftari, akapiga hesabu, akauza mapato yote ya baadaye ya nyimbo alizokwisha toa kwa dola 1,872.28. Fedha hiyo ilizidi kidogo tu ile iliyokwisha patikana kwenye wimbo mmoja! Baada ya hapo, huko New York, alikuwa akitunga na kuuza papo hapo, wimbo baada ya wimbo, na nyingi hazina uzito wa zile za zamani.

Sheria ilikuwa na mlango mmoja ambao hakuishi kuufikia. Hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha mtunzi, au mjane na watoto wake, wangeweza kuihuisha kwa miaka 14. Mwaka 1879 Jane, mjane wake, na binti yao Marion waliuhuisha "Old Folks at Home", na jina la Foster likawekwa kama mtunzi. Ukikuta nakala ya zamani inayomtaja Christy peke yake kama mtunzi, yaelekea ilichapwa kabla ya hapo.