Barua kwa mwanangu: una mfupa mmoja tu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako kutoka Dunedin, Nyuzilandi, nimeusoma, ule unaosema unataka kutangaza spishi mpya ya Palaeeudyptes, wale pengwini wa kale. Majirani wote hapa Katuba, Lubumbashi, wameshapata habari, maana sikuweza kunyamaza. Lakini usingizi umenipaa. Una mfupa mmoja tu, mama.

Huxley, yule mwanasayansi Mwingereza, naye alikuwa na mmoja. Mwaka 1859 alichukua kipande cha tarsometatarso, ule mfupa wa mguu ulio juu ya vidole, kutoka Nyuzilandi akakipa jina Palaeeudyptes antarcticus, pengwini wa kwanza wa kale kuelezwa na wanasayansi. Kwamba ni pengwini, aliona sawasawa. Jana mama yako alipika kuku, nikaomba mguu, ile sehemu yenye magamba, nikaumenya: mfupa mrefu, mwembamba, huoni kabisa kwamba ni mitatu iliyoungana. Wa pengwini ni mfupi na mpana, na mifereji kati ya ile mitatu bado inaonekana. Hilo hata mdogo wako alilielewa. Ila kipande cha Huxley kilikuwa kimevunjika, na mpaka leo ni taabu kusema mfupa gani mwingine ni wa ndege yuleyule. Jina lilitangulia, mwili haukufuata.

Kisiwa cha Seymour kule Antaktika, vilevile. Mwanasayansi Wiman alimwandika Palaeeudyptes gunnari mwaka 1905, spishi nyingine, Palaeeudyptes klekowskii, ikaja 1990, na kinachowatenganisha hasa ni ukubwa. Najua klekowskii anakuvutia: mwaka 2014 alikadiriwa mita 2 kuanzia ncha ya mdomo hadi vidole, na kilo 115. Nijibu basi: dume na jike wakipishana ukubwa, utawaita spishi mbili? Tangu utotoni una haraka, na akili yako ni kali kuliko yangu, ndiyo maana naogopa. Fungua kila droo ya makumbusho. Pima, linganisha, pima tena. Mfupa mmoja, mama!

Huku makala ya kupikia yamepanda bei, bukari tunapikia kuni. Bati la jikoni linavuja, fundi ameahidi kuja kesho kama alivyoahidi juzi. Koti lako ulilisahau nyuma ya mlango na baridi yote hiyo. Shangazi yako atalipeleka hadi Lusaka, atafute mtu wa kulituma. Andika anwani yako vizuri, ile ya mwisho haikusomeka. Na mama yako anauliza kama huko sombe inapatikana.

Baba yako