Siga ya dola nne na mabani yetu

Tampa, Florida

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hela ya matofali ya bani letu la kukaushia tumbaku nimeituma kwenye simu ya Mama Zena, si ya Kaka Ramadhani. Ichukue wewe mwenyewe mkononi. Sababu unaijua.

Kwanza habari njema. Hapa Ybor City, mtaa wa Tampa ulioanzishwa 1885 kwa ajili ya viwanda vya siga, kuna duka ninalopitia nikitoka kazini. Juzi mwenye duka kapokea mzigo kutoka Estelí, Nicaragua, siga ya dola nne tu, akatugawia tuionje. Wenzangu waliidharau kwa bei yake kabla hata ya kuiwasha. Mimi nikaibonyeza taratibu kutoka huku hadi huku: imejaa sawasawa, haina donge wala uwazi. Nikainusa kama ulivyotufundisha kunusa jani la tumbaku kabla halijafungwa furushi la robota. Majani makavu, mbao, utamu kwa mbali. Nikaiwasha nikiizungusha, nikavuta polepole, moshi unaishia mdomoni, haumezwi. Haikukwaruza koo hata kidogo! Jivu likashikana, jeupe, hadi likafika urefu wa pingili ya kidole. Mwanzoni ladha ya karanga za kukaanga na maziwa, katikati pilipili manga kidogo, mwishoni uchungu wa kahawa. Hapo nikaiacha.

Nikawaambia jani la nje limekulia kivulini, na tumbaku ya ndani imepumzishwa vya kutosha. Mwenye duka akanionyesha boksi: mbegu ya jimbo la Connecticut, imelimwa Ecuador, kule ambako mawingu huzuia jua. Kwa jani hili, Connecticut yenyewe ilizoea kutandaza vitambaa juu ya shamba zima. Sasa kila mzigo ukija ananiita mimi kwanza. Wazee wa Kicuba waliosokota siga maisha yao yote wananyamaza kumsikiliza mtoto wa Urambo. Pua hii umenipa wewe, Baba Mkubwa.

Ndiyo maana Ramadhani ananichoma moyo. Ananiandikia kwamba tumbaku haina mpango, tuuze shamba la bondeni na mabani yote, anunue bodaboda. Msimu ule ulipokuwa umelazwa, nani alifunga marobota jani likiwa bado na unyevu? Likaota ukungu, likashushwa daraja, akamtupia lawama mteuzi anayepanga madaraja. Tumbaku ya mvuke, hii yetu ya kukaushwa kwa joto la bani, inataka mtu akeshe na moto wa bani, usipande ghafla wala kuzimika. Yeye alilala. Leo shamba ndilo lina makosa?

Shamba ni la marehemu baba. Mimi sisaini, na dada zangu wasisaini.

Huku mengine ni kazi na kulala. Ila Ybor jogoo wanazurura barabarani na sheria hairuhusu kuwadhuru. Wakiwika alfajiri, natamani nsansa ya shangazi, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, na ugali wa moto hadi machozi yananilenga.

Hela ya mabomba ya bani nitaituma mwezi ujao. Kijana wa Mzee Kapela anakuja Desemba, nimempa siga tatu zako. Zisikae juani. Vuta mbili, ya tatu ifungue jani kwa jani, kisha uniambie wewe ungeipa daraja gani.

Mwanao,
Masanja