Usikubali Kuwekwa Kwenye "Mengineyo"

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako niliipata juzi jioni, nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa nikairudia. Kuapishwa kwako kuwa diwani kumenifurahisha mno. Lakini nilipofika pale uliposimulia kikao chako cha kwanza, nilinyamaza. Umekaa saa nne hujapewa nafasi, na ulipopewa ilikuwa kwenye ajenda ya mwisho kabisa, "Mengineyo", wenzako wawili wameshafunga mikoba na mmoja yuko mlangoni anaongea na simu. Ukaeleza habari ya zahanati isiyo na taa, na wanawake wanaojifungua kwa mwanga wa tochi. Mwenyekiti akajibu, "Imepokelewa, mheshimiwa." Kikao kikafungwa. Kumbukumbu zilipoletwa, hukukuta hata mstari mmoja wa ulichosema.

Unaniuliza kama kosa lilikuwa lako. Hapana. Ila kuna jambo ambalo mimi nilipoanza udiwani sikupata wa kunieleza, nikapoteza karibu miaka mitatu ya kipindi changu cha kwanza. Wewe sitaki upoteze hata mwezi.

Lililosemwa kwenye Mengineyo halina fungu, halina mtu wa kulishughulikia, wala halina tarehe ya kuja kuulizwa. Maji, zahanati, vyoo vya shule, njia isiyopitika usiku: mambo haya nimeyaona yakisukumwa huko mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi waliokuwa wakiyasema ni wanawake. Wala sidhani kila aliyekaa mezani alikuwa na roho mbaya. Barabara na majengo yalifika yakiwa na makaratasi yake, makadirio, michoro, barua ya mhandisi. Sisi tulifika na mdomo, tukiamini kwamba ukweli wa jambo lenyewe utatosha.

Hautoshi, rafiki yangu. Baraza kamili ni mahali pa kupitisha. Mambo yenyewe huwa yameshaiva kwenye kamati, na kwenye kamati yanaiva kutokana na karatasi zilizogawiwa siku kadhaa kabla. Bajeti ndiyo zaidi. Wataalamu huanza kuiandaa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha, na ikifika mbele yenu nyote ikiwa imechapwa na kufungwa vizuri, kuingiza taa za zahanati maana yake ni kumnyang'anya mwingine fungu lake hadharani. Hakuna atakayekubali kirahisi. Lakini ukifika wakati namba bado zinaandikwa kwa penseli, kila kitu kinazungumzika. Tafuta kalenda ya bajeti wiki hii. Mwombe katibu akupe kwa maandishi, uiweke mahali utakapoiona kila asubuhi.

La pili ni kamati. Umeandika kwa furaha kwamba umepangwa kwenye kamati ya ustawi wa jamii. Nami nilipangwa hukohuko, pamoja na wanawake wote wa baraza letu, kana kwamba tulizaliwa tukiwa wajumbe wake. Ni kazi ya heshima, na watoto na wazee wanahitaji mtu wa kuwatetea. Lakini tulikaa tukipitisha maazimio mazuri, yakapelekwa kwenye kamati ya fedha, na kule hapakuwa na hata mmoja wetu wa kuyaeleza. Yakarudi yamekatwa. Siku nilipoomba kuhamia fedha niliulizwa mbele ya watu kama najua hesabu. Nilijibu kwamba sijui zote ila nitajifunza, na nilijifunza kweli. Mhasibu mmoja kijana alinifundisha kusoma jedwali la mapato na matumizi kwa siku nne, mchana baada ya kazi. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba fedha za kukarabati pampu zilikuwa zimetengwa miaka miwili mfululizo na hazijawahi kutumika. Miaka miwili! Wanawake wale walikuwa wakija kwangu kulia habari ya maji, nami nilikuwa nikilia nao, na fedha zipo.

Ndiyo maana nakuhimiza kwa nguvu namna hii. Kulia na watu ni upendo, lakini wamekuchagua usome jedwali.

Umesema pia kuna aliyekuambia kwamba umeingia kwa kiti cha upendeleo, kile kilichotengewa wanawake, kwa hiyo usijione sawa na waliopigana kwenye kata. Nimekasirika kwa niaba yako. Ngoja nikupe habari ya India, kwa sababu wao wamelijaribu jambo hili kwa upana kuliko nchi nyingi. Mwaka 1993 yalianza kutumika mabadiliko ya 73 ya katiba yao, yanayotaka angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, na theluthi moja ya nafasi za uenyekiti pia, vishikwe na wanawake. Mahali pengi vijiji vya kuongozwa na mwanamke vilipatikana kwa utaratibu unaofanana na kura ya bahati nasibu, kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha kijiji na kijiji bila upendeleo. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walifanya hivyo West Bengal na Rajasthan, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliwekeza zaidi kwenye maji ya kunywa. Na maji ndilo jambo ambalo wanawake wa huko walikuwa wakililalamikia sana mbele ya baraza. Zaidi ya hayo, kule West Bengal wanawake wa kawaida walishiriki zaidi kwenye mambo ya baraza pale kiongozi alipokuwa mwanamke. Hao wote waliingia kwa viti vilivyotengwa. Maji hayakuuliza wameingia kwa mlango gani.

Kuna utafiti mwingine wa hukohuko West Bengal, uliochapishwa mwaka 2009, ambao huwa naurudia ninapokata tamaa. Wanakijiji walisikilizishwa hotuba ya kiongozi iliyorekodiwa. Maneno yaleyale, ila wengine waliisikia kwa sauti ya mwanamume na wengine kwa sauti ya mwanamke. Katika vijiji ambavyo havijawahi kuongozwa na mwanamke, wanaume walimpa mwanamke alama za chini kwa hotuba ileile. Katika vijiji ambavyo vimeshawahi kuongozwa na mwanamke, pengo hilo lilitoweka. Fikiria hilo siku utakaposema jambo la maana ukumbi ukabaki kimya, kisha mwanamume akalirudia dakika kumi baadaye akapigiwa makofi. Wewe ndiwe wa kwanza kukalia kiti hicho. Unalipa ili atakayekufuata asilipe. Inauma, na si haki, lakini inapungua kadiri watu wanavyozoea kukuona.

Sasa niseme la nyumbani, na naomba shemeji asinielewe vibaya, kwani namheshimu sana. Umeandika kwamba anapokea simu za wananchi kwa niaba yako ili upumzike, na kwamba juzi alikwenda kuzungumza na mkandarasi kwa sababu wewe ulikuwa na mgonjwa. Najua amefanya kwa mapenzi. Kule India kuna jina kabisa la hali hiyo, "sarpanch pati", yaani mume wa mwenyekiti: mke ndiye aliyechaguliwa na saini ni yake, lakini watu humwendea mume. Huanza hivyohivyo, kwa simu moja iliyopokelewa kwa nia njema. Baada ya miezi sita wananchi hawakutafuti tena wewe, na wakubwa wa ofisi wanajua nani wa kusalimiana naye. Mwombe shemeji akusaidie pengine. Akae na watoto siku za vikao. Akusikilize ukifanya mazoezi ya kusoma hoja yako kwa sauti. Simu ya diwani ipokelewe na diwani.

Umegusia mkutano wa hadhara utakaouitisha mwezi ujao. Hapa naomba unisikilize kuliko kote, kwa sababu hapa ndipo nilipoona mabadiliko kwa macho yangu. Mikutano yetu ilikuwa ikifanyika saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wanawake wachache walikuja, wakakaa nyuma karibu na mlango, wakaondoka kabla ya maswali. Tulikuwa tukisema hawana mwamko. Nilisema hivyo hata mimi, na leo najuta, maana sikuwahi kuwauliza. Nilipouliza, jibu lilikuwa moja karibu kwa wote: saa hiyo watoto wanarudi, mgonjwa anataka kugeuzwa kitandani, na kurudi nyumbani gizani ni hatari. Mwamko walikuwa nao. Saa ndiyo iliyokuwa mbaya.

Tukauhamishia mkutano siku ya mapumziko, asubuhi, na tukatafuta wasichana wawili wa kukaa na watoto kwenye chumba cha pembeni. Benchi tukazipanga kwa duara ili pasiwe na nyuma. Kisha nikafanya jambo ambalo mwenyekiti wangu hakulipenda mwanzoni: siku mbili kabla niliwakutanisha wanawake peke yao, wakakubaliana mambo matatu ya kusema na nani atasema lipi. Siku ya mkutano aliyesimama kwanza alikuwa mjane mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Alisema kisima kilichopo karibu na shule kimefungwa kufuli na ufunguo anao mtu mmoja tu, na akataja siku ambazo mtu huyo huwa hayupo. Alikuwa amezihesabu. Ukumbi mzima ukageuka kumwangalia mwenye ufunguo. Kabla jua halijatua kufuli lilikuwa limebadilishwa na funguo tatu zimegawiwa.

Hakuna mtaalamu ambaye angetuambia habari ya ufunguo ule. Kwenye karatasi za ofisi, kisima hicho kilihesabiwa kuwa kinafanya kazi.

Sitaki ufikirie kwamba nawapamba wanawake. Nimefanya kazi na diwani mwanamke aliyegawa zabuni kwa jamaa zake, na mwingine aliyewadharau wanawake maskini kuliko mwanamume yeyote alivyowadharau. Jinsia haimpi mtu uadilifu. Lakini anayebeba ndoo ndiye anayejua njia ya kisimani ina utelezi wapi, na baraza lisilo na mtu wa namna hiyo linaamua likiwa limefumba jicho moja. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023, iliyokusanya takwimu za nchi 141, wanawake walikuwa asilimia 35.5 ya wajumbe wa kuchaguliwa katika mabaraza ya serikali za mitaa. Ni zaidi ya milioni tatu. Usiku utakapojiona mpweke, kumbuka kwamba wapo, nao wanapambana na kumbukumbu za vikao zilizorukwa kama zako.

Kuhusu watu wanaobisha hodi usiku wakitaka fedha za matibabu, ada, nauli, sina jibu zuri. Saidia unavyoweza, lakini usikope. Na waeleze wazi tangu mapema kwamba kazi yako ni kuhakikisha zahanati ina dawa. Wengine watakununia, hasa wanawake wenzako, kwa sababu kwako wanatarajia mama na kwa madiwani wengine wanatarajia mheshimiwa tu. Hili ndilo lililonichosha kuliko vikao.

Sasa turudi kwenye taa zako. Usisubiri Mengineyo ya kikao kijacho. Nenda zahanati, muulize muuguzi mkuu ni wanawake wangapi wamejifungua usiku kwa miezi sita iliyopita. Idadi hiyo imo kwenye daftari lao, na huhitaji jina la mtu. Mtafute fundi akuandikie makadirio, hata ukurasa mmoja. Andika hoja, itie saini, itafutie diwani wa kuunga mkono, umkabidhi katibu mkononi siku zinazotakiwa na kanuni kabla ya kikao, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Na kikao kikifunguliwa, kabla ya jambo lingine lolote, kumbukumbu za kikao kilichopita zinapothibitishwa, simama useme kwamba maelezo yako ya zahanati hayamo na unaomba yaingizwe. Ni haki ya kila mjumbe. Utasikia minong'ono. Endelea kusimama mpaka katibu aandike.

Nimetia ndani ya bahasha hii nakala ya hoja yangu ya kwanza iliyopita, ile ya pampu. Utaona jinsi ilivyo fupi. Itazame ilivyokaa tu, maneno tumia yako. Ukimaliza rasimu nitumie kabla hujaipeleka kwa katibu, nami nitaisoma usiku huohuo.

Rafiki yako wa siku zote.