Nyavu haramu zisichomwe, tupeni tusuke

Kwa Mkurugenzi wa Uvuvi,
Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

Mheshimiwa,

MINTARAFU: NYAVU ZINAZOKAMATWA ZIWANI

Salamu nyingi kutoka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nina ombi moja, na nalitaja mapema nisikuchoshe: nyavu haramu zinazokamatwa ziwani zisitiwe moto tena. Zikatwekatwe, tupewe sisi tunaosuka sanamu za samaki.

Sipingi msako. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni balaa. Mvuvi anazipenda kwa sababu bei yake ni nafuu na majini hazionekani, ngege (tilapia) anaingia bila kushtuka. Lakini wavu huo ukipotea chini ya gugumaji hauozi kama ule wa pamba wa wazee wetu. Unaendelea kuvua bila mwenyewe, na samaki wanaozea humo humo. Zile za macho madogo nazo, chini ya inchi 5, hubeba ngege ambao hawajazaa hata mara moja. Kwa hiyo mnapozikamata mnatuokoa. Shida yangu inaanza baada ya hapo.

Mahakama ikishaamuru nyavu ziharibiwe, mara nyingi hurundikwa ufuoni, zikamwagiwa mafuta na kupigwa kiberiti mbele ya kamera. Nailoni ni plastiki, Mheshimiwa. Ikichomwa ovyo hewani hutoa moshi wa sumu, na wala haiishi yote. Inayeyuka, inashikana na mchanga, inaganda kuwa bonge jeusi. Mvua ikinyesha, makombo yake yanarudi ziwani, na sehemu kubwa ya maji ya mji wa Kisumu inavutwa kutoka ziwa hili hili. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatanguliza kupunguza taka, kuzitumia tena na kuzirejeleza, kutupa kunakuja mwisho. Na nchi hii ndiyo iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukasifiwa kila mahali.

Labda unajiuliza wavu unaonuka shombo utakuwa pambo la nani. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Kwa sasa tunatumia nyavu chakavu ambazo wavuvi wamezitupa. Ukitufikia wavu, tunaondoa kwanza maboya, mengi yakiwa vipande vya slipasi kuukuu na chupa, kisha vizito vya chini. Mizizi ya gugumaji na magamba tunayachambua kwa vidole. Halafu wavu unalowekwa kwenye pipa la maji na sabuni ya unga mpaka shombo liishe, na shombo la mbuta (sangara) ni kaidi, wewe mwenyewe wajua. Ukikauka tunaukata vipande vyembamba na kuvisokota kamba, na kamba hiyo ndiyo inayosukwa juu ya fremu ya waya. Uzi unakata, kwa hiyo wasusi hufunga vidole kwa vitambaa. Rangi hatupaki. Wavu mweupe uliozeeka majini hupata rangi ya chai ya maziwa, basi huo tunautia tumboni mwa mbuta, na wa buluu unakwenda mgongoni na mkiani. Zile slipasi za maboya tunachonga macho. Akina mama wa hapa Dunga waliozoea kusuka mafunjo hawakuhitaji mwalimu kwa muda mrefu.

Wenzetu wa baharini walianza zamani. Katika kisiwa cha Erub, kaskazini kabisa mwa Australia, wasanii husuka kasa na samaki kwa nyavu zilizotelekezwa baharini, na mwaka 2016 kazi zao zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Hapa Kenya, slipasi zilizokuwa zikiletwa na mawimbi kwenye fuo za Kiwayu, Lamu, ndizo zilizozaa Ocean Sole, wale wanaochonga tembo na twiga wa rangirangi. Lamu hiyo hiyo ndiko mafundi walikounda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyorejelezwa, wakalivisha slipasi zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, na Machi 2021 likaanza safari ya Ziwa Victoria kutoka hapa hapa Kisumu. Tulilishangilia sana, kisha likaenda zake.

Hofu yako naijua, na ni ya haki. Nyavu zikitoka stoo zikiwa nzima, zitakuwa majini usiku huo huo, na atakayeziuza huenda akawa mmoja wetu. Ndiyo maana siombi nyavu nzima. Zikatwe kituoni, kila kipande kisizidi dhiraa moja, watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, wakishuhudia, zipimwe kwa kilo na kuandikwa daftarini. Kipande cha dhiraa moja hakivui hata omena (dagaa), na sisi hakitupi shida kwa kuwa vipande huungwa wakati wa kusokota. Amri ya kuharibu najua hutoka mahakamani, haitoki kwako, ila ofisi yako inaweza kumwomba mwendesha mashtaka aombe amri ya kukata badala ya kuchoma.

Tunahitaji pia barua yenye muhuri. Leo msanii akiokota wavu wa uzi mmoja ufuoni, anaubeba akitazama nyuma. Anayekutwa na zana haramu ana kesi ya kujibu, na akisema alikuwa anakwenda kusuka samaki wa mapambo, nani atamwamini?

Sitakudanganya kwamba sanaa itamaliza marundo yote. Wanunuzi wa mapambo si wengi kiasi hicho. Zitakazobaki zikae kavu zikisubiri mnunuzi wa kurejeleza. Na nikiwa bado na kalamu mkononi: sanamu zetu zisije zikapamba meza za hotuba huku mito ya Kisat na Auji ikiendelea kumwaga chupa ziwani.

Uvuvi wa omena hufungwa upande wetu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na miezi hiyo akina mama wanaoanika omena hukosa kazi. Tuanzie hapo, kwa majaribio, kwa nyavu za msako mmoja na ufuo mmoja. Kilo tulizopokea zisipolingana na zilizosukwa pamoja na mabaki yaliyo stoo, futa mpango wote. Tunapatikana Dunga kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Ulizia kwa BMU, watakuelekeza.

Wako mwaminifu,
Msusi wa nyavu, Dunga, Kisumu